Mfarishi wa mtoto kwa vipande vya kanga: mshonee shoga yako mwenyewe, kuanzia kukata mpaka kukabidhi

Shoga yako ana mimba ya miezi sita na wewe hutaki kwenda na beseni, sabuni na poda kama watakavokwenda wenzio wote, wala lile blanketi la manyoya lenye picha ya dubu ambalo kwa joto letu hili linaishia juu ya kabati, basi mshonee mfarishi. Wa vipande vipande, wa mkono, wa pamba tupu. Si kazi ngumu ila inataka subira, na ukianza sasa hivi mpaka mzazi atoke arobaini utakuwa ushamaliza bila ya kukimbizana.

Lakini kabla hujanunua hata uzi tuelewane kitu kimoja, mana ndicho kinachoamua mambo yote huko mbele. Mfarishi huu si wa kumfunika mtoto akilala. Mtoto hajatimia mwaka haifai alazwe na kitu chochote kilicho huru pale anapolala, si mfarishi, si mto, si blanketi, kwa sababu kinaweza kumpanda usoni akakosa pumzi na yeye hana nguvu ya kukiondoa, na kumpandisha joto nako ni hatari kivyake. Huu ni wa kutandika. Unatandikwa juu ya mkeka mtoto akiwa macho na mtu yupo anamtizama, anakandwa juu yake, anawekwa kitumbotumbo ajifunze kunyanyua kichwa, jioni anatoka nao barazani, akianza kutambaa anautambalia, na akishapita mwaka ndo kipupwe kikiingia mwezi wa sita wa saba atajifunika mwenyewe. Kwa hiyo tunautaka uwe mwembamba, ulale chini vizuri, ufulike kila siku ukitakiwa na ukauke siku ile ile. Hiyo ya kukauka isikupite, hasa kama unaishi Pemba ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, masika yale kitu kizito kikirowa kinakaa kwenye kamba mpaka kinatoa uvundo.

Saizi

Mie napendelea inchi 36 kwa 42, yaani kama sentimita 91 kwa 107. Mdogo wa kubebeka kwenye mkoba, mkubwa wa kumtosha mpaka akiwa na miaka mitatu. Uso wake unakuwa na miraba 42, sita kwa upana na saba kwa urefu, kila mraba ukishashonwa unabaki inchi 6. Kukata unakata inchi 6 na nusu kwa 6 na nusu, ile nusu inaliwa na mishono, robo inchi kila upande. Robo inchi hiyo ishike mpaka mwisho wa kazi, usiende leo robo kesho nusu, mana kosa dogo ukilirudia kwenye mishono mingi linakuwa kubwa na safu hazitokutana.

Mfarishi una tabaka tatu. Kuna uso, ndo hiyo miraba. Kuna cha kati, kinachotia ulaini. Na kuna mgongo, kitambaa kizima cha chini.

Vitambaa

Nunua doti moja ya kanga nzuri ya pamba. Kipande kimoja cha doti kitakuwa mgongo, na cha pili usikiguse, kiweke, nitakwambia kazi yake mwisho. Kanga kwa kawaida ina urefu kama wa sentimita 150 na upana kama 110, na mgongo tunautaka uzidi uso inchi mbili kila upande, yaani inchi 40 kwa 46, ambazo ni kama sentimita 102 kwa 117. Kwa hiyo kanga moja inatosha bila ya kuunga, na kile kinachobaki mwisho wa urefu, kama sentimita 33 hivi, ndicho tutakachokatia utepe wa kuzungushia ukingo. Hesabu tamu sana hii, kama vile aliyebuni kanga alikuwa na mfarishi kichwani.

Soma jina la kanga kabla hujalipa! Kanga ya mgongo itakaa na jina lake, na mama mzazi, na mama mkwe wake, na mawifi wote watakaokuja kumtizama mtoto watalisoma. Ukimpelekea "Hasidi hana sababu" nyumba nzima itakaa ijiulize hasidi nani kakusudiwa. "Nani kama mama" haina ugomvi na mtu. Au chukua yenye dua. Kama maneno yote ya dukani siku hiyo ni ya vijembe, chukua kitambaa cha pamba cha rangi moja yadi moja na nusu, basi.

Kwa uso, miraba 42 haitaki kitambaa kingi. Nusu yadi ya kitambaa chenye upana wa inchi 44 inakupa miraba 12, kwa hiyo nusu yadi nne za vitambaa vinne tofauti zinakupa 48, umebakiwa na sita za akiba. Mjini Unguja nenda Mchangani na Darajani uzunguke, Pemba maduka ya Chake na Wete yanakutosha. Lakini kabla ya kununua pita kwa fundi charahani wa mtaani kwenu umuombe mabaki ya vitenge, wengi wana fuko zima chini ya meza, na hapo hapo ukiona kipande cha nguo ya harusi ya mtu unayemjua usikichukue tu kimya kimya, muulize mwenyewe. Vizuri zaidi ni vipande vyenye habari, kanga ya bibi yake iliyochoka katikati lakini pembeni bado nzima, gauni la skuli mlilovaa wote wawili, shuka la pamba.

Yote yawe pamba. Siku hizi kuna kanga na vitenge vya poliesta vimejaa na kwa macho huvitambui, vinang'ara vizuri tu. Vuta uzi mmoja mmoja kutoka kwenye ukingo, nyuzi mbili tatu, zichome kwa kiberiti mbali na kitambaa chenyewe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua na inabakisha jivu laini linalosagika. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Ukipata kidonge kirudishe dukani, poliesta haivuti jasho na mtoto wa kaskazi atatoka vipele.

Rangi fanya unavopenda ila nyeupe tupu hapana. Mtoto atakandwa kwa mafuta ya nazi na mafuta yakiingia kwenye nyeupe yanageuka manjano hayatoki. Maua, mistari, rangi ya zambarau, ya udongo, kijani, hizo zinasitiri. Na kwa kuwa wengi wetu hatupendi kuulizana ulizana mimba hii ya kike au ya kiume, chagua rangi za yeyote.

Cha kati

Hapa ndo watu wanaharibu kazi. Kwa Zanzibar cha kati kiwe flaneli ya pamba, tabaka moja tu. Ukikosa flaneli mpya tafuta shuka la flaneli la mtumba, lichemshe kwa sabuni, lianike juani, ni zuri hata kuliko jipya kwa sababu lishamaliza kujikunyata. Ukikosa na hilo tumia kanga mbili kuukuu zilizolainika, moja juu ya moja. Ukubwa ni ule ule wa mgongo, inchi 40 kwa 46.

Usitie sufi. Najua sufi iko nyumbani, imebaki kwenye kutia magodoro, lakini ukiifua inajikusanya madonge na kukauka inachukua siku. Sponji nalo hapana. Ile pamba nene ya poliesta ya kutilia mito iachie shoga aliyeko London au Toronto, kule baridi inastahiki, huku utampika mtoto.

Vitu vya kazi

Mkasi mkali ambao haukati karatasi, futi ya kupimia, rula, penseli au kipande cha sabuni kilichokauka (mafundi wanachorea sabuni, inatoka ukifua), uzi wa pamba, sindano fupi nyembamba, subana ya kidole, pasi, pini. Pini zihesabu. Ziko 50? Andika 50 kwenye karatasi utie ndani ya kopo lake. Mwisho wa kazi lazima zirudi 50, na ikikosekana moja mfarishi hautoki nyumbani mpaka ionekane. Ukipata sumaku, hata ya spika mbovu, ni nzuri ya kupitishia. Na sindano nunua mchana, wazee wetu wa zamani walikuwa hawauzi sindano usiku na mpaka leo utamkuta muuza duka mmoja mmoja anakutizama vibaya ukiiulizia baada ya magharibi.

Charahani unaweza kuitumia kuunga miraba, ya mguu au ya umeme. Ya mguu mie naipenda zaidi, umeme ukikatika unaendelea. Lakini ile kazi ya kupitisha nyuzi tabaka tatu fanya kwa mkono.

Kufua kwanza

Kila kitambaa kifuliwe kabla hakijaingia mkasi. Kila kitambaa, hata flaneli. Kanga mpya ina wanga na ina rangi ya ziada, nyekundu na nyeusi ndo hatari kabisa. Zifue mbali mbali kwa maji ya moto kiasi na sabuni, suuza, rudia, mpaka maji yatoke meupe. Watu watakwambia tia chumvi, tia siki, rangi inashika, usiitegemee hiyo, kinachosaidia ni kufua mpaka rangi iliyolegea iishe. Halafu jaribu, chukua kitambaa cheupe kilichorowa kisugue juu ya kanga yako, kikitoka safi endelea. Kanga ambayo baada ya mara nne tano bado inachuja, itoe kwenye mfarishi huu, utaivaa jikoni.

Piga pasi vitambaa vikiwa na unyevu kidogo. Usikate kitambaa chenye makunyanzi.

Kukata

Tengeneza kigezo kwa boksi gumu, mraba wa inchi 6 na nusu kamili. Pembe zake uzihakikishe kwa kuzilinganisha na pembe ya kitabu au msahafu wa ukutani, la, msahafu uwache, kitabu cha hesabu kinatosha. Kigezo kikianza kulika pembeni kwa kuchorea chora chengine, usiendelee nacho.

Laza kigezo kifuate nyuzi za kitambaa, yaani ukingo wake uende sawa na ule upande uliofumwa wa kitambaa usiofumuka. Ukikata mshazari mraba unavutika kama lastiki na hautokaa sawa hata ufanye nini. Chora yote kwanza kwa nyuma, uangalie kama umepata hesabu yako, ndo ukate. Kwenye kanga yenye picha kubwa, korosho au nanasi au kikapu cha maua, sogeza kigezo mpaka picha ikae katikati ya mraba, kitambaa kinapotea kidogo lakini uzuri wake utauona wenyewe. Pindo la kanga nalo usilitupe, miraba ya pindo ina nguvu ya rangi, ukiitawanya inachangamsha mfarishi mzima.

Mgongo ukate sasa vilevile. Tandaza kanga, pima 40 kwa upana na 46 kwa urefu, na hakikisha jina la kanga linabaki lote ndani, lisikatwe nusu. Kipande kitakachobaki kikate tepe za upana wa inchi 2 na nusu, zitatoka tano, na kanga ikiwa imerudi sana ikifuliwa zitatoka nne, hapo ongeza utepe mmoja kwenye kitambaa chengine cha uso, wala haina kasoro.

Kupanga

Tandika mkeka, panga miraba yote 42 chini, simama juu ya kiti uitizame. Ipange upya. Itizame tena. Ile mieusi mieusi isikae upande mmoja, mikubwa ya maua isigusane. Ukitaka rahisi fanya kama dama, giza, mwanga, giza, mwanga. Ipige picha kwa simu, mana watoto watapita, upepo utapita, na paka hakosi. Kisha kila safu ikusanye kuanzia kushoto, ibane kwa pini na karatasi yenye nambari, moja mpaka saba.

Kuunga miraba

Chukua safu ya kwanza. Mraba wa kwanza na wa pili uso kwa uso, pini mbili, shona robo inchi kutoka ukingoni. Kwa mkono ni bandi ndogo ndogo za kwenda mbele, na kila baada ya bandi nne tano unarudi nyuma moja kuukaza mshono. Mwanzo na mwisho rudi mara mbili. Hakuna haja ya mafundo makubwa. Ukimaliza sita una utepe mrefu, endelea na safu ya pili mpaka ya saba.

Sasa pasi. Safu za witiri, ya 1, 3, 5 na 7, mishono yake ya nyuma ilaze yote kulia. Safu za shufwa, ya 2, 4 na 6, ilaze kushoto. Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka vipi, kwa sababu unapokuja kuziunga safu zenyewe kwa zenyewe mishono inayolala huku na inayolala kule inakutana na kushikana yenyewe, na pembe nne zinakaa nukta moja, ukizilaza zote upande mmoja panakuwa na donge kila pembe na sindano haipiti. Pasi ibonyezwe na kunyanyuliwa, isiburutwe.

Unga safu ya kwanza na ya pili, pini tia kwanza pale mishono inapokutana, halafu katikati. Ukimaliza zote saba uso wako unatakiwa uwe inchi 36 na nusu kwa 42 na nusu. Umepungua robo inchi, nusu inchi? Hakuna atakayekuja na futi, muhimu umenyooka. Upige pasi vizuri mana hii ndo pasi ya mwisho ya maana.

Kulaza tabaka tatu

Sakafu ifagie, ipige deki, ikauke. Tandaza mgongo, uso wa kanga uangalie chini, uvute kidogo usiwe na mikunjo na uugandishe pembe nne kwa seloteipu. Juu yake flaneli, ipapase kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Juu yake uso wako, ukiangalia juu, uwe katikati na kila upande mgongo unatokeza kama inchi mbili.

Shikiza kwa bandi kubwa kubwa za uzi wa rangi tofauti, za kufumua baadaye. Anzia katikati kwenda kila ukingo kama miale, kisha mistari ya kwenda na kurudi kila baada ya vidole vinne. Mgongo unauma hapa, mwite mtu mkae wawili mpige soga. Unaweza kutumia pini za nepi badala ya bandi lakini zinaacha alama kwenye kanga na tena ni za kuhesabu nazo. Ukimaliza geuza utizame mgongo, ukiona mkunjo hata mmoja fumua pale urudie sasa, usijipe moyo kuwa utanyooka wenyewe.

Kupitisha nyuzi

Hii ndo sehemu inayoufanya mfarishi uwe mfarishi, na ndo sehemu ya raha. Wale mnaoshona kofia kwa mkono hamna cha kufundishwa hapa, mikono yenu inajua bandi ndogo kuliko hizi mara tatu. Wengine sikilizeni.

Uzi wa pamba mnene kidogo, urefu usizidi kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, mrefu zaidi unajifunga. Upitishe kwenye nta au mshumaa usijisokote. Fundo dogo mwisho wa uzi, ingiza sindano kwa juu kwenye uso kama inchi moja mbali na unapotaka kuanzia, isifike mgongoni, itokeze pale pa kuanzia, halafu vuta kidogo mpaka fundo lipasue kitambaa cha juu lizame ndani. Usikie tap. Fundo halionekani tena juu wala chini na mtoto hatolitafuna.

Halafu bandi. Subana kwenye kidole cha kati cha mkono wa juu, mkono wa pili uko chini ya mfarishi na kidole chake kinaisikilizia ncha ya sindano, ikigusa tu unairudisha juu. Kusanya bandi mbili tatu kwenye sindano ndo uvute. Mafundi wazoefu wanafika bandi nane mpaka kumi kwa inchi, wewe tano zinatosha, bora ziwe sawa sawa kuliko ziwe ndogo zenye kupishana. Kila mara chungulia nyuma kama sindano imeshika tabaka zote tatu.

Anzia katikati ya mfarishi utoke nje, usianzie pembeni, ukianzia pembeni kitambaa kinasukumwa katikati kinafanya tumbo. Mstari gani? Rahisi ni kufuata mshono robo inchi pembeni yake, kila mraba unapata mraba mdogo ndani yake. Mzuri zaidi kwa macho yangu ni mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya kila mraba, unatoa almasi mgongoni na kanga ya chini inapendeza kweli. Ukitaka mawimbi chora kwa ukingo wa sahani. Nafasi kati ya mstari na mstari isizidi upana wa mraba mmoja, ikizidi flaneli itaanza kutembea baada ya kufuliwa fuliwa.

Kuna wanaofunga mafundo tu ya uzi kila pembe badala ya kupitisha bandi, ni haraka sana, lakini kwa mtoto mchanga sipendi kabisa. Vile vikia vya uzi vinavyobaki vinaingia mdomoni na kujizungusha vidoleni. Kwa sababu hiyo hiyo vifungo, shanga, lesi za kuninginia na utepe wa kufungia usivitie hata kama vinapendeza.

Mchana kuna mwanga mzuri barazani, usiku taa ya umeme ikae kushoto kwako kama unashonea kulia. Na mkono ukirowa jasho jipake poda kidogo, sindano isiteleze.

Ukingo

Fumua bandi za kushikizia. Pima na ukate flaneli na mgongo ziwe sawa na uso, pembe zikae mraba.

Ziunge zile tepe za kanga ziwe utepe mmoja mrefu. Kuzunguka mfarishi ni inchi 158, utepe uwe angalau 166 upate pa kukunjia. Ukunje katikati kwa urefu, nyuma kwa nyuma, upige pasi. Anzia katikati ya upande mmoja, siyo kwenye pembe, ukingo mbichi wa utepe ukae sawa na ukingo wa uso, wacha kama shubiri moja ya mwanzo haijashonwa, ushone robo inchi. Ukibakisha robo inchi kufika pembe simama, kaza, kata uzi. Nyanyua utepe uende juu moja kwa moja mpaka ufanye mkunjo wa mshazari, kisha urudishe chini uende na upande unaofuata, mkunjo wa juu ukae sawa na ukingo, uanze kushona kutoka juu kabisa. Ukigeuza pembe itajikunja yenyewe kwa ndani, safi kama ya bahasha. Fanya kwanza kwenye kitambaa kibovu mara mbili utaielewa kuliko kusoma. Mwisho miisho miwili ya utepe iunge pamoja kwa vipimo ilale sawa.

Kisha geuza utepe uende mgongoni, ufunike ule mshono, uupindie kwa mkono kwa bandi za kuficha, sindano inachukua nyuzi mbili tatu za mgongo, inaingia ndani ya mkunjo wa utepe, inatokea mbele kidogo. Isitoboe mpaka usoni.

Mvivu anaweza kuuacha mgongo uzidi inchi moja kila upande, akaukunja nusu, akaukunja tena juu ya uso na kushona. Inafaa. Lakini kanga ni nyembamba na ukingo ndo unaolika mwanzo, utepe wa tabaka mbili unaishi zaidi na ukichakaa unabadilishwa.

Ukaguzi wa mwisho

Hesabu pini. Hesabu sindano. Pitisha sumaku, kisha pitisha viganja vyote viwili pole pole juu na chini, kisha ukunje ukunje kila sehemu. Vuta kila mwisho wa uzi unaoonekana. Ufue kwa sabuni isiyo na harufu kali, usuuze sana, uanike juani. Ukitoka umejikunyata kidogo kidogo kati ya bandi ndo uzuri wake huo. Usiufukize udi wala usiupulizie marashi, najua mkono unawasha, mama mzazi atakuwa na udi wake, mtoto mchanga kifua chake bado.

Jina usilidarizi mapema. Wacha mraba mmoja wa pembeni wa rangi moja, usubiri siku ya saba mtoto apewe jina, kisha umuulize mama yake linaandikwaje mana Khadija na Hadija zote ziko mitaani. Lidarizi hilo na mwaka, ukitaka.

Na watu wengi kwetu hawapendi kuletewa vitu vya mtoto kabla hajazaliwa, kwa hiyo ukimaliza mapema uweke kwako. Siku ya kwenda, ile kanga ya pili ya doti ndo kifungashio. Ukunje mfarishi, uufunge ndani ya kanga, na kanga ni ya mama. Yeye ana yake, mtoto ana wake, na doti haikutengana.

Mwambie pale pale: unafulika, hata kila siku, maji baridi au vuguvugu na sabuni ya kawaida. Mafuta ya nazi yakimwagika apake sabuni ya kipande pale pale kabla ya kulowesha. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe asitie. Mashine ya kufulia sawa, mzunguko wa taratibu. Auanike mgongo ukiangalia jua ili rangi za uso zisipauke. Na kipande kikitoboka akuite, usije ukamwachia akautupa, mraba wa akiba si unao sita ndani ya kopo.